Tumbawe Limegeuka Kahawia

Swali linaloongoza kwa wasomaji wanaofuga matumbawe sebuleni ni hili: tumbawe lilikuwa zambarau dukani, mwezi haujaisha limegeuka kahawia, kosa liko wapi? La pili ni kinyume chake: lilikuwa kijani, sasa linazidi kupauka kila wiki. La tatu huulizwa kwa pumzi za juujuu, mara nyingi usiku: nyama inabanduka na mfupa unaonekana, kifanyike nini?

Makala haya yanayajibu yote matatu. Yanahusu matumbawe magumu, yale yanayojijengea mfupa wa chokaa: Acropora, Montipora na jamaa zao wenye polipu ndogo, pamoja na yale yenye polipu kubwa zilizonona kama Euphyllia na Caulastraea. Hoja ni moja na itarudi tena na tena: wanyama hawa huvumilia namba isiyo nzuri sana, ila hawavumilii namba inayopanda leo na kushuka kesho. Mengi yanayokufa majumbani yameuawa na mkono wa mwenyewe, ule usiotulia.

## Isome rangi kabla ya kugusa chochote

Ndani ya nyama ya tumbawe unaishi mwani mdogo mno, mamilioni ya chembe kwa kila sentimita ya mraba. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula na kulipa tumbawe sehemu kubwa ya nguvu zake. Rangi yake ni kahawia. Zambarau, waridi, buluu na kijani ni protini za tumbawe lenyewe, na nyingi kati yake hutengenezwa kwa wingi pale mwanga unapokuwa mkali. Mwani ukizidi, kahawia hufunika rangi nyingine zote. Ukipungua kupita kiasi, weupe wa mfupa huonekana kupitia nyama.

Kwa hiyo mfugaji aanze na macho, kwa kioo cha kukuzia kama anacho:

- Kahawia, polipu zimetoka, matawi yanakua. Tumbawe ni zima. Mwanga ni mdogo, au naitreti na fosfeti zimezidi. Hakuna dharura hapa.
- Limepauka upande wa juu, chini ya matawi rangi ipo. Mwanga umelizidi. Lishushwe chini au taa zipunguzwe.
- Limepauka lote, polepole, na vipimo vya naitreti na fosfeti vinasoma sifuri. Lina njaa.
- Ncha za matawi zimeungua. Mara nyingi alkaliniti (akiba ya kaboneti majini) iko juu huku virutubishi, yaani naitreti na fosfeti, vikiwa chini sana.
- Jeupe kuanzia shinani, na mpaka mkali kati ya nyama na mfupa mtupu. Nyama inakufa. Hili ndilo la dharura. Hatua zake ziko chini.

Tumbawe jeupe ambalo polipu zake bado zinaonekana limepauka tu, na linaweza kurudi. Lisilo na nyama limekufa, na hakuna dawa ya kulirudisha.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Picha nyingi za matumbawe yanayong'aa hupigwa chini ya taa za buluu, na maduka mengi huyaonyesha hivyo hivyo. Mwanga wa buluu huzifanya protini zile zing'ae. Mnunuzi aombe taa nyeupe iwashwe kwa dakika mbili. Wengi wanaodhani tumbawe limepoteza rangi nyumbani wameliona tu kwa mara ya kwanza kwenye mwanga wa kawaida.

## Maji yatoke wapi?

Maji ya bomba hayafai yakiwa kama yalivyo. Yana klorini, na mara nyingi fosfeti na madini yanayolisha mwani wa kero. Mabomba ya shaba yanaweza kuacha shaba, ambayo ni sumu kwa matumbawe hata kwa kiasi kidogo. Visima vya mwambao mara nyingi vina chumvichumvi, na vya maeneo kama Arusha vinajulikana kwa floraidi nyingi. Dawa ni maji yaliyopitishwa kwenye mtambo wa kuchuja kwa shinikizo na kumaliziwa na chujio la ayoni, hadi kipimo cha TDS (vitu vilivyoyeyuka majini) kisome 0. Maji yaliyokenekwa yanafaa pia. Maji ya kunywa ya chupa yana madini, na gharama yake ndani ya mwaka mmoja inaweza kuizidi bei ya mtambo.

"Naishi Mombasa, si nichote tu baharini?" Inawezekana, kwa masharti:

1. Chota mbali na bandari, mito na vijito vya maji machafu. Bandari ya Kilindini, au mdomo wa mto Msimbazi kwa walio Dar es Salaam, si mahali pa kuchota maji ya tangi.
2. Chota maji yakiwa yamejaa, upande wa bahari kuu. Maji ya kupwa yamebeba matope ya ufuoni.
3. Acha wakati wa masika na siku chache baada ya mvua kubwa. Maji ya mto hushusha chumvi na kuleta mbolea na dawa za mashambani.
4. Pima chumvi kila mara, hata kama juzi ilikuwa sawa.

Anayeishi Nairobi, Kampala au London atachanganya chumvi maalumu ya matumbawe. Chapa nyingi huhitaji gramu 36 hadi 40 kwa lita kufikia chumvi ya bahari. Chumvi ya jikoni haifai hata kidogo: haina kalsiamu wala magnesiamu za kutosha, na nyingi imetiwa vitu vya kuizuia isigande.

Kosa la kawaida: kuongeza maji ya chumvi pale maji yanapopungua kwa mvuke. Kinachoondoka ni maji matupu, chumvi hubaki. Pengo la mvuke hujazwa kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, kidogo kidogo kila siku. Kifaa kinachojaza maji hayo chenyewe ni miongoni mwa vitu vya kwanza kununua, kabla ya taa ya kifahari.

## Namba za kushika

Hizi ndizo zinazowafaa wengi:

- Joto: nyuzi 25 hadi 26.
- Chumvi: sehemu 35 kwa elfu (takriban 1.026 kwenye kipimo cha uzito wa maji).
- Alkaliniti: dKH 7.5 hadi 9. Bahari yenyewe iko karibu na 7.
- Kalsiamu: mg 400 hadi 450 kwa lita.
- Magnesiamu: mg 1,250 hadi 1,350 kwa lita.
- Naitreti: mg 2 hadi 10 kwa lita.
- Fosfeti: mg 0.03 hadi 0.1 kwa lita.
- pH: 8.0 hadi 8.3, na isikimbizwe. Hushuka usiku na kupanda mchana. Kufungua dirisha husaidia kuliko dawa ya chupa.

Tangi linalokaa kwenye dKH 7.5 mwaka mzima litalishinda linalotoka 8 hadi 10 na kurudi, japokuwa yote mawili, kwa wastani, yanaonekana vizuri kwenye daftari. Na kwa kuwa daftari limetajwa: liwepo. Namba bila tarehe haina kazi.

Rifraktomita ya chumvi isahihishwe kwa maji maalumu ya 35 yanayouzwa kwa kazi hiyo. Nyingi za bei nafuu husoma sifuri sawasawa kwenye maji baridi kisha zikakosea huko juu, mahali ambapo mfugaji anazihitaji.

## Alkaliniti: hapa ndipo wengi huanguka

Tumbawe hujenga mfupa kwa vitu viwili vya majini, kalsiamu na kaboneti. Kalsiamu ipo ya kutosha, na ikishuka kutoka 420 hadi 400 hakuna polipu itakayojali. Akiba ya kaboneti ni ndogo, na alkaliniti ndiyo kipimo chake. Wakati kalsiamu inapungua mg 20 kwa lita, alkaliniti huwa imeshuka dKH 2.8, yaani zaidi ya theluthi ya akiba yote. Ndiyo maana mwenye matumbawe magumu akiwa na pesa ya kipimo kimoja tu kizuri, kiwe cha alkaliniti.

Kisa kinachojirudia ni hiki. Mfugaji anapima baada ya mwezi, anakuta 6.8, anashtuka, anamimina dawa hadi 9 jioni ile ile. Acropora zilizokuwa zimeshazoea 6.8 zinaanza kuvuliwa nyama asubuhi. Kisha lawama huenda kwa taa.

Njia ya kufuata ni hii:

1. Pima saa ile ile kila siku kwa siku tatu bila kuongeza chochote.
2. Tafuta matumizi ya siku. Tuseme tangi la lita 200 limesoma 8.6 Jumatatu na 7.4 Jumatano. Limekula 1.2 kwa siku mbili, yaani 0.6 kwa siku.
3. Rudisha kile kinacholiwa, kila siku. Bikabonati ya sodiamu, ile soda ya kuokea mikate, hupandisha dKH 1 kwa takriban mg 30 kwa lita. Lita 200 zinahitaji gramu 6 kwa dKH 1; kwa 0.6 ni gramu 3.6.
4. Rudisha kalsiamu iliyokwenda nayo. Kwa mfano huu ni gramu 3 hivi za kloridi ya kalsiamu aina ya dihaidreti.
5. Yeyusha kila kimoja kwenye maji yake, mimina polepole penye mkondo, na viachane kwa saa kadhaa. Vikikutana vikiwa vikali hufanya unga mweupe wa chokaa, na pesa imezama sakafuni.
6. Ikibidi kupandisha alkaliniti iliyoshuka, isizidi dKH 0.5 kwa siku, wala 1 kwa hali yoyote.

Mkemia wa Marekani Randy Holmes-Farley, ambaye maandishi yake kuhusu kemia ya matangi haya husomwa na wafugaji wengi, ni miongoni mwa waliowazoesha watu kuandaa mchanganyiko huu wa sehemu mbili jikoni mwao badala ya kununua chupa. Bei hushuka sana. Lakini tahadhari tatu. Magadi ya sokoni yasitumiwe: ni mchanganyiko wa chumvi za ziwani, na mara nyingi yana floraidi. Poda ya kuumulia keki isitumiwe: ina asidi na wanga. Chokaa ya kupakia nyumba isitumiwe pia, hata kwa wale wanaotengeneza maji ya chokaa kwa haidroksidi ya kalsiamu. Wanaotumia maji ya chokaa wachague ile ya kiwango cha chakula, waidondoshe tone kwa tone, usiku, na wakumbuke kwamba pH yake ni zaidi ya 12. Ikimwagwa kwa mkupuo inaua tangi, na ikiruka machoni inaunguza.

Je, tangi lenye matumbawe matatu madogo linahitaji haya yote? La. Kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki kunaweza kutosha. Kipimo cha siku tatu ndicho kitakachosema.

## Virutubishi: vichache, lakini viwepo

Kwa muda mrefu ushauri uliokuwa ukisambaa ni kushusha naitreti na fosfeti hadi sifuri, kwa kuwa maji ya mwambani ni safi. Ni kweli ni safi, lakini mwambani kuna mkondo usiokatika wa viumbe vidogo vinavyopita mbele ya kila polipu. Sebuleni hakuna. Tangi lililosafishwa hadi sifuri hutoa matumbawe yaliyofifia, na mara nyingi hukaribisha ute wa kahawia wenye vipovu ambao kuuondoa ni kazi ya miezi.

Vikiwa sifuri:

- lisha samaki zaidi; kinyesi chao ni chakula cha tumbawe;
- punguza saa za skima, kichujio kinachotoa taka kwa povu;
- ondoa chembechembe za chuma zinazofyonza fosfeti.

Vikizidi, kwa mfano naitreti 40 na fosfeti 0.3, vishushwe kwa wiki kadhaa. Chembechembe zile za chuma zianze na robo au nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Fosfeti inayoporomoka kutoka 0.3 hadi 0.02 kwa siku mbili inaweza kuua Acropora ambazo ziliishi na ile 0.3 bila shida, zikiwa kahawia tu.

Yenye polipu kubwa hupenda kulishwa hasa. Kipande cha kamba kilichokatwa kama punje ya mchele, mara moja au mbili kwa wiki, taa zikiwa zimepunguzwa na minyiri imetoka, kinatosha. Kisichomezwa kitolewe.

## Taa na mkondo

Kuhusu taa yameandikwa mengi kuliko inavyostahili. LED yoyote nzuri ya matumbawe hufanya kazi. Yenye polipu kubwa yapate PAR (kipimo cha mwanga unaofaa usanisinuru) ya 50 hadi 150. Montipora 150 hadi 250. Acropora 200 hadi 350. Kifaa cha PAR ni ghali. Kiazimwe au kikodishwe siku moja tu. Saa 8 hadi 10 za mwanga kwa siku zinatosha. Taa mpya, au tumbawe jipya, lianze na nusu ya nguvu na kupandishwa kidogo kidogo kwa wiki nne hadi sita.

Mkondo ndio unaopuuzwa. Acropora huvuta hewa na kutoa taka kupitia maji yanayopita, na pampu moja inayopuliza upande mmoja haitoshi. Ziwekwe mbili, pande zinazokabiliana, zikibadilishana nguvu, hadi polipu zicheze huku na huko bila mpango. Kwa tangi la lita 200 lililojaa Acropora, jumla ya lita 6,000 hadi 10,000 kwa saa si nyingi. Euphyllia haitaki hivyo: nyama yake ikisukumwa juu ya ukingo mkali wa mfupa huchanika.

## Joto, na umeme usioaminika

Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi magharibi yalipata joto lisilo la kawaida, na miamba ya Kenya, Tanzania, Shelisheli na Maldivi ikapauka vibaya. Nyuzi 1 tu juu ya joto la juu ambalo mwamba umelizoea, ikidumu kama wiki nne, hutosha kuanzisha upaukaji. Kwenye tangi hali ni ile ile, na upesi zaidi. Tangi la lita 60 ni kisufuria: hupata moto haraka, hupoa haraka. Anayeanza achukue lita 150 au zaidi.

Nairobi mwezi wa Julai, hita ndiyo ya kuangalia. Zitumike mbili ndogo badala ya moja kubwa, kwa sababu hita iliyokwama ikiwa imewaka ni muuaji anayejulikana, na ndogo moja haina nguvu ya kuchemsha tangi zima. Dubai, Masqat na Mombasa shida ni kinyume. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 hadi 3 penye hewa kavu, na kidogo sana penye unyevu. Huko friji ya maji haikwepeki kwa anayetaka Acropora, na kiyoyozi cha chumba kisitegemewe peke yake, kwani siku kitakapoharibika wenyewe wako safarini.

Umeme ukikatika, wengi hufikiria taa. Taa si kitu. Matumbawe hukaa siku kadhaa gizani. Kinachoisha ni oksijeni, na katika tangi lenye samaki wengi huanza kupungua ndani ya saa chache. Kwa mpangilio:

1. Pampu ya hewa ya betri iwashwe mara moja. Iwepo nyumbani, na betri zake zijaribiwe kila mwezi.
2. Kama kuna betri kubwa na inveta, iendeshe pampu moja ya mkondo. Hutumia umeme kidogo.
3. Samaki wasilishwe.
4. Penye baridi, tangi lifunikwe blanketi pembeni, juu paachwe wazi.
5. Umeme ukirudi, kichujio kilichosimama saa nyingi kisiwashwe kabla maji yaliyooza ndani yake hayajamwagwa.

## Kabla ya kununua

Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita kupata bakteria wa kugeuza amonia, na miezi mingine kadhaa kutulia. Anza na Duncanopsammia au Caulastraea. Yakishamiri, Montipora, kisha Stylophora au Pocillopora. Acropora zingoje hadi mfugaji awe na miezi sita ya daftari lenye alkaliniti isiyoyumba. "Lakini jirani aliweka Acropora mwezi wa pili, ziko sawa." Huenda. Aulizwe tena baada ya miezi sita.

Chagua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi. Huko Berlin, Dietrich Stüber alikuza Acropora nyumbani tangu miaka ya 1980 na kugawa vipande vyake, hadi vikasambaa kwa wafugaji wengi wa Ulaya. Tumbawe lililokulia kwenye tangi limeshazoea taa na maji ya tangi.

Kuvunja tumbawe pwani je? Ndani ya hifadhi za bahari kama Mafia, Watamu na Kisite ni marufuku. Zaidi ya hayo, matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kipande kilichonunuliwa kihalali Dubai, kikibebwa kwenye mkoba hadi Zanzibar bila vibali, ni magendo.

Nafasi nayo ihesabiwe. Euphyllia na Galaxea hutoa minyiri mirefu usiku na kuchoma majirani. Sentimita 15 hadi 20 ziachwe wazi kuzunguka, na kwa Galaxea hata zaidi.

## Wageni wasioalikwa

Minyoo bapa inayokula Acropora ina rangi ya tumbawe lenyewe, na mara nyingi dalili ya kwanza ni alama ndogo za duara zilizopauka. Kuna pia vijidudu vyekundu vya Acropora, na konokono wasio na gamba wanaokula Montipora. Kila tumbawe jipya lipitie haya:

1. Livunjwe jiwe lililokuja nalo, na shina lililokufa likatwe. Mayai ya minyoo hukaa kwenye mfupa usio na nyama.
2. Lioshwe kwenye dawa maalumu ya matumbawe kwa dakika zilizoandikwa, huku likipulizwa maji kwa bomba la mpira. Kinachodondoka kitazamwe kwa kioo.
3. Likae kwenye tangi la pembeni wiki sita au zaidi, likioshwa tena kila wiki. Dawa haiui mayai. Marudio ndiyo hukamata yanayoanguliwa.

Wanaoruka hatua ya tatu ni wengi, kwa sababu inahitaji tangi la pili. Lita 40, taa ndogo na pampu moja zinatosha, na ni rahisi kuliko kung'oa kila Acropora mwambani baada ya minyoo kuenea.

## Nyama ikianza kubanduka

Hapa mwendo ni wa saa. Mfugaji afanye hivi, kwa mfuatano huu:

1. Pima joto, chumvi na alkaliniti. Angalia kama hita au pampu imesimama. Usimimine chochote kabla ya kujua.
2. Kata matawi yaliyo mazima sentimita 2 juu ya mpaka wa kifo, kwa mkasi imara uliooshwa.
3. Osha vipande kwenye dawa, vigundishe kwenye vijiwe vipya, viweke penye mkondo mzuri na mwanga wa wastani.
4. Toa kilichobaki kama nyama inaendelea kuvuka.
5. Weka kaboni ya kuchuja, kisha badilisha asilimia 15 ya maji kwa maji yenye joto, chumvi na alkaliniti sawa na ya tangi.
6. Baada ya hapo, mikono nje ya maji. Pima kila siku, usirekebishe kinachosoma sawa.

## Usalama wa mfugaji mwenyewe

Mawe ya matangi mara nyingi huwa na Palythoa, jamaa laini wa matumbawe ambao baadhi yao wana palitoksini, sumu kali sana. Mwaka 2018 familia moja ya Steventon, Uingereza, ilipelekwa hospitali baada ya kusafisha tangi lao na kuvuta mvuke wa sumu hiyo. Mawe yasichemshwe kamwe, yasipigwe mvuke, wala yasisuguliwe yakiwa makavu. Glavu na miwani vivaliwe, na mwenye kidonda mkononi amwachie mwingine kazi.

Waya za umeme zifungwe zikining'inia chini kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone linalotiririka liishie kwenye mkunjo. Kikata umeme cha kuzuia mshtuko kiwepo.

## Kukata na kugawa

Tumbawe likikua, likatwe. Acropora na Montipora hukatwa kwa koleo. Yenye polipu kubwa huhitaji msumeno mwembamba, kwenye mfupa, mbali na nyama. Tone la gundi ya jeli aina ya sayanoakrileti linashika hata ndani ya maji: kausha shina kwa kitambaa, bonyeza kwenye kijiwe, hesabu polepole hadi thelathini, rudisha tangini. Ndani ya wiki mbili hadi nne nyama huanza kutambaa juu ya gundi.

Kipande kimoja cha kila aina kipelekwe kwa mfugaji mwingine anayeaminika, jirani wa mtaani au rafiki wa mji wa pili, hata bure. Hita ikikwama nyumbani au umeme ukikatika siku nzima watu wakiwa safarini, tumbawe lile lile litakuwa bado linakua kwenye tangi la mwenzake, na kipande cha kurudishiwa kitakuwepo.